Kaseti Iliyorudi Mikumi

Mwaka 2001 kaseti ilikuwa na upande A, upande B na kalamu ya Bic. Kalamu ilikuwa ya kurudishia mkanda nyuma kwa mkono, ili betri za redio zisiishe bure. Kaka yangu alishuka stesheni ya Kilosa na nakala ya *Machozi, Jasho na Damu*, albamu ya kwanza ya Professor Jay akiwa peke yake. Haikuwa kaseti halisi kutoka kwa wasambazaji wa Kariakoo. Mtu alikuwa ameirekodi juu ya kaseti ya kwaya, na kati ya wimbo mmoja na mwingine ungesikia sekunde mbili tatu za akina mama wakimsifu Bwana, kisha ngoma inapigwa tena.

Mama hakupenda rapu. Kwake rapu ilikuwa kelele za vijana waliokosa kazi, na katika hilo hakuwa peke yake. Neno lililotangulia muziki huo kila ulipotajwa mbele ya wazee lilikuwa uhuni. Lakini ulipofika wimbo wa "Ndiyo Mzee" alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kaka yangu arudishe nyuma. Kalamu ikazunguka.

Huo ndio uhakiki wa kwanza wa albamu hiyo nilioushuhudia, na mpaka leo sijasoma uliouzidi.

Kwa ambao hawakuwapo: "Ndiyo Mzee" ni mkutano wa kampeni uliowekwa kwenye mdundo. Mgombea yuko jukwaani, wananchi wako chini. Anaahidi. Hospitali zitakuwa na dawa tele. Mabomba yatatoa maji, na yakishamaliza maji yatatoa maziwa. Wanafunzi wa sayansi watakwenda kufanyia mazoezi yao mwezini. Kila ahadi ikitoka, umati unaitikia kwa maneno mawili yaliyo kwenye jina la wimbo. Ahadi zinapanda ngazi, kutoka kwenye jambo linalowezekana hadi jambo la kichaa, na sauti ya umati haibadiliki hata kidogo. Anayeahidiwa dawa na anayeahidiwa mwezi wanajibu kwa adabu ileile.

Wengi waliupokea kama wimbo wa kuwacheka wanasiasa, na ndivyo unavyotajwa mpaka leo. Nadhani tulisikiliza nusu. Jina la wimbo halikutoka kinywani mwa mgombea. Ni maneno ya wananchi. Na ni maneno ya kila siku: mtoto humwambia baba, karani humwambia bosi, kondakta humwambia trafiki. Kwetu "ndiyo mzee" mara nyingi haina maana ya "nakubali". Ina maana ya "nimekusikia, nakuheshimu, naomba yaishe". Jay aliichukua heshima hiyo, akaiweka mahali ambapo inageuka kuwa kura. Ndiyo maana wimbo unachekesha mara ya kwanza, na mara ya tano unaanza kukuudhi.

Hili halikutokea hewani. Uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi ulikuwa umefanyika Oktoba 2000. Mwishoni mwa Januari 2001 watu waliuawa Unguja na Pemba katika maandamano ya kupinga matokeo yake. Na kwetu, wilayani Kilosa, kati ya hayo mawili kulikuwa na Desemba 8, 2000: usiku katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Ardhi, maji, mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa, mipaka ambayo kila kiongozi alikuwa ameahidi kuitengeneza. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka watu wazima wakizungumza kwa sauti ndogo na kunyamaza tukiingia. Miezi michache baadaye kaseti ile ilipofika na mgombea wake anayeahidi maziwa bombani, watu waliocheka pale nyumbani hawakuwa wanacheka kitu cha mbali.

Sasa, uhakiki. Ukitafuta mapokezi ya albamu ya bendi ya gitaa ya London au Chicago ya mwaka huohuo utapata kurasa: nyota ngapi, wimbo upi dhaifu, wameiga nani. Ukitafuta ya *Machozi, Jasho na Damu* katika magazeti yetu ya wakati ule, utakutana zaidi na habari za nani kagombana na nani na kaseti imeuzwaje. Hilo si kosa la waandishi peke yao. Bongo fleva ilikuwa bado inatafuta ruhusa ya kuitwa muziki. Saleh Jabir alikuwa amerapu kwa Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kwanza Unit wakafuata, 2 Proud akaja na *Ni Mimi* mwaka 1995. Bado mjadala ulibaki palepale, kama hii kitu ni yetu au ya kuazima. Mtu anayeulizwa kila siku kama ana haki ya kuwapo haulizwi kama beti yake ya tatu imelegea.

Walioanza kuuandikia muziki huu kwa kirefu wakawa wageni, kwa Kiingereza. Mwaka 2003 Birgit Englert alichapisha katika jarida la Vienna makala kuhusu marapa wa chini kwa chini wa Morogoro, vijana ambao redio ya taifa zima ilikuwa haijawasikia. Alex Perullo, Mmarekani, aliandika mwaka 2005 juu ya vijana wa Dar es Salaam na namna hip hop ilivyowatoa kwenye picha ya wahuni. Uta Reuster-Jahn akaandika mwaka 2008, katika jarida lilelile la Vienna, kuhusu bongo fleva na kampeni za uchaguzi wa 2005. Nawashukuru, kwa dhati. Lakini inanisumbua kidogo kwamba Morogoro ilisomwa Vienna kabla ya kusomwa Kilosa.

Uhakiki wa kwetu ulikuwapo, ila haukuandikwa. Ulikuwa kwenye redio, kwa mtangazaji aliyerudia wimbo mara mbili kwa sababu simu zilikuwa zinaita. Ulikuwa kwenye daladala. Ulikuwa kwa mama na mwiko wake. Hata kabla ya albamu hii, Jay akiwa bado anaitwa Nigga Jay katika kundi la Hard Blasters pamoja na Fanani na Big Willy, wimbo wa "Chemsha Bongo" na albamu ya *Funga Kazi* ya mwaka 2000 vilikuwa vimeanza kuwavuta wazee. Siri yake, kwa sikio langu, ni ya kizamani kuliko watu wanavyodhani: anatamka. Wenzake wengi walikimbia na mdundo wa P Funk na kuacha silabi njiani. Jay anasimulia kama mzee kijiweni, jambo linaanza, linapata wahusika, linaharibika. Unaweza kuchukia ngoma na bado ukataka kujua mgombea atasema nini baada ya maziwa.

Sisemi albamu nzima iko juu hivyo. Jina lenyewe ni zito kuliko nyimbo kadhaa zilizomo. Machozi, jasho na damu ni maneno yanayofanana na yale ya Churchill bungeni mwaka 1940, vita ikiwa mlangoni, na kijana wa Dar anayekwenda kurekodi Bongo Records hakuwa hapo kila dakika. "Bongo Dar es Salaam", pamoja na sauti ya Lady Jaydee, imebaki kwa sababu inaujua mji. Nyingine zimezeeka kama jinzi za mwaka ule. Lakini wimbo mmoja ukiweza kuingia kwenye lugha ya nchi, mizani ya kawaida inaharibika. Watu walianza kuwaita wanasiasa kwa jina la wimbo. Jay mwenyewe alirudi baadaye na "Siyo Mzee", mgombea yuleyule anaporudi kwa wananchi walewale nao sasa wanamkatalia. Ni wimbo mzuri, ingawa kwangu una kasoro: unawapa wananchi ujasiri haraka mno. Ule wa kwanza ulijua kwamba adabu haiondoki kwa uchaguzi mmoja.

Na hapa hadithi inatoka Dar es Salaam.

Kutoka Kilosa mjini kwenda Mikumi, barabara ya miaka ile ilikuwa ya vumbi na inapita Ulaya. Ndiyo, wilaya yetu ina Ulaya yake, na utani wote unaoufikiria umeshafanywa. Mikumi yenyewe wasafiri wengi wanaijua kupitia dirisha la basi: barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inakata katikati ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, basi linapunguza mwendo kwenye matuta, kuna kibao kinachoorodhesha faini ya kumgonga kila mnyama, halafu mji, mahindi ya kuchoma, safari inaendelea. Wachache wanakumbuka kwamba nyuma ya mji huo kuna jimbo la uchaguzi lenye vijiji, mashamba ya miwa upande wa Ruaha, na watu wanaoishi na tembo ambao wengine wanawalipia kiingilio kuwaona.

Mwaka 2015 Joseph Haule, ndiye Professor Jay, aligombea ubunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema. Oktoba 25 akashinda kiti kilichokuwa cha CCM.

Nilikuwa Dar kikazi. Simu ya kwanza ilikuwa ya mama. Hakusema hongera wala pole. Mikumi si jimbo letu, sisi ni jimbo la Kilosa. Aliuliza swali moja: "Kwa hiyo yale maziwa yanafunguliwa lini?"

Nilicheka sana, kisha nikakaa nalo. Wanamuziki bungeni halikuwa jambo geni. Kapteni John Komba wa TOT aliingia kutoka Mbinga Magharibi mwaka 2005, lakini yeye aliimba kukisifu chama na chama kikamtuma. Hakukuwa na mgongano kati ya wimbo na kiti. Sugu, yule 2 Proud wa zamani, alichukua Mbeya Mjini mwaka 2010 kwa hasira zilezile za nyimbo zake. Nairobi, wimbo wa "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji ulibebwa na NARC mpaka ikulu mwaka 2002, waimbaji wakabaki waimbaji. Kampala, Bobi Wine angeingia bungeni mwaka 2017. Suala la Jay ni la namna nyingine. Alikuwa ameandika, miaka 14 kabla, mfano kamili wa mtu anayepanda jukwaani kuomba kura. Aliigiza sauti yake, vituo vyake vya kupumulia, namna anavyowaita wazee na akina mama. Sasa yeye ndiye aliyekuwa jukwaani, na kila mpiga kura mwenye umri wa kutosha alikuwa na kaseti ile kichwani.

Katika fasihi yetu sijui kejeli nyingine iliyopewa mtihani wa aina hii. Anayeandika tamthilia kuhusu waziri mwizi haombwi kuwa waziri. Jay aliombwa, au alijiomba, na kwa kufanya hivyo aliwapa watu wa Mikumi kazi ambayo wahakiki hatukuifanya: kusoma albamu upya mstari kwa mstari, mbele ya mwandishi, wakiwa na kipimo mkononi. Hospitali ina dawa? Bomba linatoa nini?

Ninachosikitika ni kwamba mtihani wenyewe uliharibiwa kabla ya kusahihishwa. Januari 2016, wabunge wapya wakiwa ndiyo wameanza kuzoea viti, serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama zamani, kwa sababu ya gharama. Mtu aliyejengwa na sauti akaingia katika ukumbi ambao sauti yake ilitufikia ikiwa imekatwakatwa. Mwaka huohuo mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, isipokuwa mbunge ndani ya jimbo lake mwenyewe. Fikiria: ule mkutano wa kampeni uliokuwa umbo zima la wimbo, jukwaa, umati, swali na jibu, ukawa kitu kinachohitaji ruhusa. Marufuku ile ilikaa mpaka Januari 2023. Kwa miaka ile, umati wa "Ndiyo Mzee" haukuwa na mahali pa kusema ndiyo wala siyo.

Kisha Oktoba 2020. Dennis Londo wa CCM alitangazwa mshindi wa Mikumi. Sugu naye alitangazwa kushindwa Mbeya, na Dkt. Tulia Ackson ndiye aliyechukua. Nchi nzima Chadema ilitoka na mbunge mmoja tu wa jimbo, Nkasi Kaskazini, na viongozi wa upinzani waliyakataa matokeo. Rafiki zangu wawili walinitumia ujumbe siku ile, mmoja akisema watu wa Mikumi wamemwambia "siyo mzee", mwingine akisema wameibiwa jibu lao. Mpaka leo nakataa kuusoma uchaguzi ule kama hukumu juu ya albamu au juu ya mwenye albamu. Mbunge mmoja wa upinzani akichukua kiti chake nitaamini kwamba watu walipima. Wakianguka karibu wote kwa siku moja, ninachokiona ni hali ya nchi, na hali ya nchi haiwezi kuniambia chochote kuhusu bomba la kijiji fulani kule Kidodi.

Wanaosema Jay alipaswa kubaki studio nawaelewa. Kejeli inahitaji umbali. Ukikaa kwenye kiti unachokichora mkono unatetemeka. Lakini wanapenda wimbo uliokamilika kuliko nchi ambayo haijakamilika, na mimi niliyekulia kwenye wilaya ambayo Mto Mkondoa ulivunja kingo zake mwishoni mwa 2009, ukaondoka na reli na kuacha maelfu bila nyumba, nashindwa kupenda hivyo. Kulikuwa na ahadi baada ya mafuriko yale pia. Hakuna aliyehitaji kuzitungia wimbo. Tulikuwa nao tayari, na ulitumika. Nakumbuka mzee mmoja jirani, kwenye mkutano wa waathirika, kiongozi alipomaliza kusema akaitikia yale maneno mawili kwa sauti ya kuigiza, ileile ya kwenye kaseti. Watu walicheka kwa kujificha. Kiongozi alidhani ameungwa mkono, akaendelea.

Hapo ndipo ninapoiona kazi ya albamu ile ilipofika. Maneno yalikuwa ya utii kabla ya 2001. Baada ya hapo ukiyasema lazima uchague sauti, na anayeambiwa hawezi tena kuwa na uhakika amepewa ipi.

Siku hizi wanamuziki na mameneja wao hawaendi tena bungeni kupitia upinzani. Babu Tale, meneja wa Diamond, aliingia mwaka 2020 kutoka Morogoro Kusini Mashariki, mkoa wetu huuhuu, kwa tiketi ya CCM. Mwana FA akaingia kutoka Muheza na baadaye akawa naibu waziri. Hakuna kati yao aliyekuwa na "Ndiyo Mzee" mgongoni, kwa hiyo safari yao ilikuwa nyepesi. Jay aliugua sana mwaka 2022, akalazwa Muhimbili kwa muda mrefu, na mwaka 2023 akarudi na "Siku 462", wimbo wa mtu anayehesabu siku za ugonjwa. Sauti imekuwa nzito zaidi. Bado anatamka kila silabi.

Mwaka jana nilimchezea mpwa wangu "Ndiyo Mzee" kwenye simu, nyumbani Kilosa. Yuko kidato cha pili. Alisikiliza kwa uso wa mtu anayefanyiwa mtihani. Alipofika kwenye wanafunzi wa mwezini hakucheka. Akauliza kama ni kweli waliahidiwa. Nikamwambia hapana, ni utani. Akasema shuleni kwao maabara haina maji, kwa hiyo hakuwa na hakika. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Akasema niurudishe mwanzo, na nilipogusa kioo cha simu akalalamika kwamba inarudi haraka mno, hata hujapata muda wa kukaa vizuri.

Kaseti ya kaka bado ipo, kwenye kopo la biskuti pamoja na nyuzi na vifungo. Redio iliyoicheza iliuzwa zamani. Mkanda umeliwa katikati ya upande A, na ukiushika juu ya dirisha unaona mkunjo, mahali ambapo kalamu ilizungushwa mara nyingi kuliko pengine.